Mlichi wako umegoma? Dalili, chanzo na la kufanya kwa bustani za Dar es Salaam

Mlichi, yaani mti wa matunda ya lichi, ukianza kusumbua, wengi hapa Dar hukimbilia duka la pembejeo. Wanatoka na chupa ya dawa ya wadudu na kilo mbili za urea, na baada ya mwezi mti uko pabaya zaidi. Mti huu ukiwa uani kwa mtu, kuna maswali mawili ya kujibu kabla ya kununua chochote: maji unayoumwagilia yanatoka wapi, na sasa ni mwezi gani. Malalamiko mengi ninayoletewa huishia hapo. Wadudu wapo, tutawafikia, ila mara nyingi wanasingiziwa.

Nimepanga shida kwa namna watu wanavyozieleza wenyewe. Nenda moja kwa moja kwenye yako, lakini kama mti wako hauzai, soma na sehemu ya maji pia.

## "Majani mapya yametoka mekundu na yamelegea"

Usifanye kitu. Mlichi hutoa majani kwa mikupuo: matawi hukaa kimya wiki kadhaa, kisha mengi huchipua kwa pamoja. Majani ya mkupuo mpya huwa na rangi ya shaba au waridi, laini, yananing'inia kana kwamba yamekosa maji. Baada ya wiki chache hukaza, hunyanyuka na kuwa ya kijani kilichokolea. Watu huyaona yamelegea wakaongeza maji, wakaongeza tena, hadi mizizi ikaanza kuoza kwa kukosa hewa. Hapo sasa ndipo ugonjwa unapoanza.

Jizoeze kuangalia mkupuo uliopo mtini umefikia wapi: bado mchanga, unakaza, au umekomaa. Uamuzi wa mbolea, wa kupogoa na wa kunyima maji wote hutegemea hilo.

## "Ncha za majani zimekauka kama zimepitiwa na moto"

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na chanzo chake mara nyingi ni chumvi. Chuma jani ulitazame kwa karibu. Kama ukavu umeanzia nchani kabisa, unarudi nyuma kwa kufuata kingo, na majani makuukuu ndiyo yaliyoumia zaidi, hiyo ni chumvi. Kama yaliyoumia ni majani machanga ya upande mmoja tu, ule unaopigwa na kusi, huo ni upepo. Na kama mti mzima umeungua siku chache baada ya kuwekewa mbolea, jibu unalo.

Mlichi hauvumilii chumvi hata kidogo. Mnazi utakunywa maji ya kisima cha Kigamboni na kuendelea kuzaa, mlichi utaungua. Na Dar wengi tunaishi kwa visima. Kuanzia Msasani na Mikocheni hadi Mbezi Beach na Kunduchi, na ng'ambo kule Kigamboni, visima vingi vina chumvi kwa viwango tofauti, na hali huzidi kiangazi kinapokaza kila nyumba ikawa inavuta. Kisima kilichokuwa na maji baridi mwezi wa tano kinaweza kuwa na ladha nyingine kabisa mwezi wa pili.

Kupima si lazima maabara. Onja. Ukihisi chumvi ulimini, kwa mlichi hayo yameshapita kiasi. Usipohisi, acha maji kidogo kwenye sahani nyeusi juani hadi yakauke. Ukibaki unga mweupe mwingi, uwe wa chumvi au wa chokaa, mti huu hauutaki.

Tiba ni kubadilisha maji, si kubadilisha dawa. Maji ya bomba ya DAWASA yanafaa kuliko ya visima vingi vya pwani. Ya mvua ndiyo bora kabisa, na hesabu yake inashangaza: paa la mita za mraba 50 likipigwa na mvua ya milimita 20 hutoa lita 1,000, yaani simtanki zima kwa mvua moja nzuri ya masika. Kuna chanzo kingine kinachomwagika bure nyuma ya nyumba nyingi: maji ya kiyoyozi. Ule mrija unaochuruzika ukutani unatoa maji yasiyo na chumvi wala chokaa, na kwa unyevunyevu wa hewa ya Dar, kiyoyozi kimoja kinachowaka usiku kucha hujaza chombo cha lita kadhaa. Tega ndoo. Mche mmoja utaishi kwa hayo.

Kama huna ila kisima, mwagilia mara chache kwa wingi, badala ya kidogokidogo kila jioni. Maji mengi kwa mpigo husukuma chumvi chini ya mizizi. Kikombe cha kila siku huiacha juujuu ikijirundika. Usiloweshe majani. Weka matandazo mazito ya majani makavu au nyasi, unene wa kiganja, ila yasiguse shina.

Na tafadhali, maji ya kufulia yasimwagwe hapo. Najua desturi yetu, beseni likiisha kazi linamwagwa chini ya mti wa karibu. Sabuni ya unga ina sodiamu na huongeza alkali, kinyume cha tindikali, kwa mti unaopenda udongo wenye tindikali. Samadi mbichi ya kuku nayo ni chumvi tupu kwa mizizi hii; iache ioze miezi kadhaa kwanza. Ukinunua mbolea ya potasi, ulizia ya salfeti, si ya kloridi.

Sehemu ya jani iliyokwisha kukauka haitarudi kuwa ya kijani. Hukumu matibabu yako kwa mkupuo ujao, si kwa majani ya zamani.

## "Majani yanakuwa ya njano, mishipa imebaki ya kijani"

Uliza kwanza: ni majani yapi? Yakiwa machanga, mti umekosa chuma. Yakiwa makuukuu, mara nyingi ni magnesiamu. Mti mzima ukipauka bila kuchagua, ni naitrojeni.

Kukosa chuma hapa kwetu mara nyingi si kwa sababu udongo hauna chuma. Kimo, ila kimefungwa. Mlichi unataka udongo wenye pH (kipimo cha tindikali) ya kama 5.5 hadi 6.5, yaani tindikali kidogo, na maeneo mengi ya ukanda wa bahari yamekaa juu ya miamba ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Lakini hata mbali na bahari kuna mtego wa mjini: kifusi. Kiwanja kimejengwa, mabaki ya zege, plasta na matofali yamefukiwa, juu yake ikatandazwa ndoo chache za udongo mweusi, bustani ikaitwa bustani. Chimba futi moja ujionee.

Jaribio ni la jikoni. Chukua kiganja cha udongo mkavu kutoka penye mizizi, umimine siki juu yake. Ukichemka na kutoa povu, kuna chokaa. Usipochemka, bado haina maana kuwa pH iko sawa, ila angalau hujapanda juu ya kifusi. Anayetaka uhakika apeleke sampuli kwa watu wa udongo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wote wanafanya kazi hiyo.

Kwa mti uliokwisha kupandwa, mboji nyingi kila mwaka, matandazo, na chuma cha kelati, yaani kilichokingwa kikemikali ili udongo usikifunge. Kwenye udongo wa chokaa dai ile iliyoandikwa EDDHA, maana aina nyingine hufungwa tena baada ya muda mfupi. Salfa ya unga, ile wanayoijua wakulima wa korosho, hushusha pH ikichanganywa na udongo, lakini polepole na kwa kiasi. Kwenye tumbawe tupu ni kupigana na ukuta. Huko afadhali upande kwenye tuta la udongo ulioletwa, au kwenye nusu ya pipa lenye matundu chini.

## "Mche ulikuwa mzuri kitaluni, nimeupanda umekufa"

Mara nyingi umekufa kwa mojawapo ya haya: umetolewa chini ya neti ya kivuli ukatupwa kwenye jua la Februari, udongo wa kiriba umevunjika wakati wa kuchana nailoni, na mizizi ya mlichi ni mepesi kukatika, shimo limejazwa samadi mbichi, au shimo limechimbwa kwenye mfinyanzi likageuka bwawa masika yalipoanza.

Panda mvua za masika zinapoanza kutulia, kivuli cha makuti upande wa magharibi kwa miezi ya mwanzo, kigingi cha kuushikilia, na usiweke mbolea yoyote hadi mkupuo wa kwanza utoke na ukomae. Kwenye udongo unaotuamisha maji, panda juu ya tuta.

Jambo linalosahaulika ni kuvu. Mizizi ya mlichi huishi kwa ushirika na kuvu wa udongoni wanaoisaidia kufyonza maji na fosforasi, na udongo wa kiwanja kilichojengwa juzi hauna hao. Kama unamfahamu mtu mwenye mlichi mkubwa wenye afya, omba nusu ndoo ya udongo wa juu chini ya mti wake ukachanganye kwenye shimo lako. Si uchawi, ingawa ukienda kuomba usiku utaeleweka vibaya.

## "Mti ni mkubwa, umenawiri, hauzai"

Tuanze na ambalo muuza miche hatakwambia. Mlichi ni mti wa kusini mwa China, na kule Guangzhou wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 14. Ili macho ya nchani mwa matawi yageuke maua badala ya majani, mti unahitaji wiki kadhaa za ubaridi, chini ya nyuzi 20, tena ukiwa umetulia. Ukikosa ubaridi, macho yaleyale hutoa majani. Toamasina, pwani ya mashariki ya Madagaska, ambako malichi hupakiwa melini kwenda Ulaya kuelekea Krismasi, iko kama nyuzi 18 kusini mwa ikweta. Sisi tuko karibu na nyuzi 7. Kipupwe chetu, Julai na Agosti, usiku hushuka hadi nyuzi 18 au 19 hivi, na mchana hupanda tena hadi 28 au 29. Tuko mlangoni, hatujaingia. Mwaka wa kipupwe kikali mti unaweza kuchanua. Mwaka wa joto ukapita hivihivi na wewe hujakosea chochote.

Ubaridi huwezi kuuongeza, lakini utulivu unaweza. Ukame wenyewe hauleti maua. Kazi yake ni kuuzuia mti usichipue majani, ili zile siku chache za baridi ziukute umelala. Na hapa ndipo bustani za mjini zinapoharibu. Mlichi wa Dar unadekezwa mwaka mzima. Bustani ya ukoka inamwagiliwa Juni, Julai, Agosti kila asubuhi, na mti uliomo katikati yake unakunywa pamoja na nyasi. Au mti uko mita tatu kutoka shimo la maji machafu. Hata usipoumwagilia, mizizi imeshajua njia, kuna maji na naitrojeni humo bila kikomo. Mti wa namna hiyo utakuwa wa kijani kuliko yote mtaani na utazaa majani tu. Ukiwa na mlichi karibu na shimo, sahau matunda, ufurahie kivuli.

Kwa mti uliokomaa, kalenda ya Dar inakuwa hivi. Pogoa na utie mbolea Januari na Februari. Mvua za masika zitauchipua, mruhusu achipue. Kuanzia Machi usiongeze tena naitrojeni ya aina yoyote, samadi ikiwemo. Ifikapo mwisho wa Mei mkupuo wa masika uwe umekaza na kuwa kijani kilichokolea. Hapo funga maji. Usirudishe hadi uone vishada vya maua vimechomoza urefu wa kidole, jambo linaloweza kutokea Julai, Agosti au mapema Septemba. Majani yakipoteza mng'ao kidogo mchana, vumilia; yakijikunja na kuanguka, mpe maji kidogo. Mche ulio chini ya miaka minne usiufanyie hivi, huo unahitaji kukua.

Ukiona Juni mti umetoa tena majani mekundu, yakate yangali machanga, yakiwa hayajafika urefu wa kidole. Macho yanayofuata yatachomoza baadaye kidogo, pengine ndani ya baridi, na hapo una bahati mpya.

Jirani atakushauri upige misumari kwenye shina, au ulichanje kwa panga "ulitishe". Ushauri huu una chembe ya ukweli ndani yake: ganda likikatwa, sukari inayotengenezwa na majani haishuki kwenye mizizi, inabaki juu, na mti huelekea kuchanua. Ila panga hufungua njia ya kuoza. Wakulima wa malichi hufanya kwa ustadi: kwa msumeno mwembamba au kisu kikali hukata mstari mmoja kuzunguka tawi, upana wa milimita chache, hadi kufikia mti mweupe bila kuingia ndani yake. Hufanywa mkupuo wa mwisho ukishakomaa, kwetu mwishoni mwa Aprili hadi Mei. Fanya kwa nusu tu ya matawi makubwa, mengine mwakani. Mti uliodhoofika usiuguse, utauua.

Kabla ya yote hayo, hakikisha unachokisubiri kinaweza kuja. Mche uliooteshwa kwa mbegu, miaka 10 na zaidi bila tunda si ajabu, na tunda likija linaweza lisifanane na la mama yake. Tawi lililooteshwa mizizi likiwa bado mtini huzaa kwa kawaida ndani ya miaka 3 hadi 5. Kitaluni angalia shina: la mbegu hupanda jembamba, limenyooka kutoka ardhini, na chini yake kuna mzizi mkuu, la tawi huwa nene mapema, lina umbo la tawi, mara nyingi limeinama kidogo, na mizizi yake hutawanyika kutoka sehemu moja. Na angalia hujauziwa mshokishoki. Jani la mshokishoki ni pana, mviringo kidogo, mishipa yake imetokeza. La mlichi ni jembamba, linang'aa juu na lina ukijivu chini.

Ukimpata rafiki mwenye mti unaozaa, jioteshee mwenyewe masika yanapoanza. Chagua tawi lenye unene wa kidole, menya ganda pete ya sentimita tatu hivi, kwangua ute wote hadi mti ukauke, kisha funga makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na nailoni pande zote, ukaze juu na chini kwa kamba. Makumbi yaloweke na kuyasuuza kwa maji baridi mara kadhaa kabla, maana ya pwani huja na chumvi yake. Ukiona mizizi myeupe imejaa ndani ya nailoni, baada ya miezi miwili au zaidi, kata chini ya fundo. Punguza nusu ya majani, weka kwenye kiriba kivulini. Mti wa namna hii hauna mzizi mkuu, hivyo miaka ya mwanzo unahitaji kigingi dhidi ya kusi.

Kivuli nacho ni chanzo. Mlichi uliobanwa kati ya ukuta na ghorofa la jirani hautazaa hata Guangzhou.

Kwa anayetaka maoni yangu ya wazi: Kibamba, Pugu na kupanda Kisarawe, ambako usiku hupoa zaidi, panda mlichi, una nafasi. Masaki na Kigamboni panda ukiwa unaupenda kama mti. Ukitaka matunda ya ukoo huo bila mashaka ya baridi, panda mshokishoki, ambao joto la pwani ndiyo nyumbani kwake. Ila nunua uliobebeshwa, kwa sababu miche ya mbegu mingine hutokea kuwa dume.

## "Ulichanua sana, matunda mawili matatu"

Ua la mlichi halina mbwembwe, ni dogo, la rangi ya krimu, bila petali. Kishada kimoja hutoa maua ya aina tatu kwa awamu: dume, yale yanayofanya kazi ya jike, na dume tena. Likitazamwa karibu, la jike lina kifuko chenye vinundu viwili vilivyobanana. Kwa kawaida kimoja hukua kuwa tunda na kingine husinyaa kikabaki kama chunjua kwenye kikonyo. Kwa hiyo ukiona wiki ya kwanza yanaanguka yote, pengine yalikuwa madume, subiri.

Yale ya jike yanahitaji nyuki. Anayepuliza dawa ya wadudu mti ukiwa na maua anajinyima mwenyewe, na nyumba inayofukiza dawa ya mbu jioni karibu na mti inafanya vivyo hivyo. Kipindi hiki usipulize kitu.

Vitunda vikishafunga, vingi sana huanguka wiki nne za mwanzo hata kwenye mti mzuri. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kuanguka vikiwa vimefika ukubwa wa njegere na kuendelea, na hapo chanzo huwa maji. Ule ukame uliousaidia mti Juni sasa ni adui: tangu vishada vichomoze hadi kuvuna, udongo usikauke. Na mti uliozaa sana mwaka jana unaweza kupumzika mwaka huu.

## "Matunda yanapasuka kabla hayajaiva"

Ni vuli. Kuanzia kuchanua hadi kuiva huchukua kama miezi mitatu hadi mitatu na nusu, kwa hiyo matunda ya Dar hujaza nyama Oktoba hadi Desemba. Ganda lililokomaa katika ukame haliwezi kutanuka. Mvua kubwa ikija ghafla, nyama inavimba, ganda linachanika. Dawa yake ni kumwagilia kwa mpangilio tangu Septemba ili mvua isilete mshtuko, na matandazo. Upungufu wa boroni na kalsiamu huchangia, lakini boroni ikizidi ni sumu, na ukipuliza bila kipimo utaunguza majani. Anza na maji.

## Wadudu, ndege na wengineo

Masizi meusi juu ya majani hayaanzi yenyewe. Juu yake, kwenye vikonyo na upande wa chini wa majani, kuna vidung'ata au wadudu gamba wanaotoa utomvu mtamu, na sisimizi wanaowalinda. Osha kwa maji ya presha na sabuni laini ya maji iliyochanganywa na maji mengi, zuia sisimizi shinani, masizi yatapukutika yenyewe.

Jani lililojikunja, ukiligeuza ukakuta utando wa kahawia kama mahameli, limeshambuliwa na utitiri usioonekana kwa macho. Kata tawi lote lililoathirika, uchome moto, kisha puliza salfa ya kuyeyuka kwenye maji mkupuo mpya ukianza kutoka. Usitumie salfa kwenye jua kali, huunguza.

Tundu dogo kwenye ganda lenye unga wa kahawia, ukilipasua tunda ukakuta kiwavi kwenye mbegu, ni nondo. Okota na kuzika kwa kina matunda yote yaliyoanguka, na fungia vishada mifuko ya karatasi matunda yakianza kubadilika rangi. Mifuko hiyohiyo huyakinga na kunguru, ambao Dar tunao wa kugawa, na popo wa usiku. Nailoni usitumie, matunda yataiva kwa mvuke.

Majimoto wakijenga viota vya majani mtini, waache ukiweza. Hao ndio wanaolinda minazi na mikorosho yetu dhidi ya kunguni wafyonzaji. Tatizo ni siku ya kuvuna tu. Siku hiyo vaa mikono mirefu.

Dawa yoyote unayonunua, hakikisha imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na lebo yake inasomeka. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda usiilete nyumbani.

## "Nimevuna, ni machachu" na "maganda yamekuwa ya kahawia"

Lichi likishachumwa haliendelei kuiva. Sio embe la kufunika kwenye pipa. Rangi nyekundu nayo hudanganya. Aina kama Mauritius, inayolimwa sana Afrika Kusini, inaweza kuwa nyekundu na bado kali. Angalia ganda: vinundu vyake vikiwa vingali vimechongoka, tunda halijaiva; vikianza kubapa, limejaa. Halafu onja moja kutoka kila upande wa mti.

Usivute tunda mojamoja, ganda litachanika penye kikonyo. Kata kishada kizima asubuhi, uweke kivulini papo hapo. Ganda hugeuka kahawia ndani ya siku mbili tatu kwa sababu linakauka, nyama ikiwa bado nzima. Ndiyo maana kule China ya enzi ya Tang farasi walikimbizwa kwa zamu kumpelekea Yang Guifei, suria mpendwa wa mfalme, malichi kabla hayajanyauka. Wewe tumia friji: mfuko wenye matundu machache, kwenye nyuzi 5 hivi, bila kuosha. Yanayozidi yagandishe na maganda yake.

Watoto wasile malichi yasiyoiva, hasa wakiwa na njaa. Tunda lisiloiva lina kemikali zinazoweza kushusha sukari ya damu kwa hatari kwa mtoto aliyelala bila kula. Uchunguzi uliofanywa Muzaffarpur, India, mwaka 2014 uliihusisha na ugonjwa uliokuwa ukiua watoto kila msimu. Mbegu zisiliwe kabisa.

Unapokata kishada, kata pamoja na kipande cha tawi chenye majani machache. Umeshapogoa kwa mkato huohuo. Mwagilia, weka mboji na mbolea Januari, upate mkupuo mmoja kabla ya masika, na Machi ufunge mfuko wa mbolea.